Wanaogutuka usingizi ukiingia waelezwe, wasiuziwe vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ambalo nina hakika si langu peke yangu. Nazungumzia ile hali ya mtu kujilaza kitandani akiwa amechoka, macho yakaanza kuwa mazito, usingizi ukawa ndio kwanza unamchukua, kisha ghafla mwili mzima ukaruka kana kwamba umepigwa na shoti ya umeme, au akahisi ameteleza kwenye ngazi na anaporomoka, akafumbua macho huku moyo ukimdunda. Kwa walio wengi jambo hilo hutokea mara moja moja na asubuhi halikumbukwi. Kwa wengine, nami nilikuwa mmoja wao, hujirudia mara tano, mara sita, hata mara kumi katika usiku mmoja, mpaka mtu akafika mahali pa kukiogopa kitanda chake mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Tanga. Hali hii ilinianza mwezi wa Septemba mwaka juzi, tulipokuwa tukiwaandaa wanafunzi wa kidato cha nne kwa mtihani wa taifa wa Novemba. Nilikuwa nikisahihisha kazi zao hadi saa sita usiku, nikiamka saa kumi na moja alfajiri, na kila siku baada ya swala ya Isha nilipita kijiweni kwa muuza kahawa nikanywa vikombe vitatu au vinne vya kahawa chungu kwa kashata, kama nilivyozoea tangu ujana wangu. Usiku wa kwanza nilidhani ni ndoto. Usiku wa nne mke wangu aliniuliza kwa nini ninampiga mateke. Ilipofika wiki ya tatu nilikuwa sipati hata lepe la usingizi kabla ya saa tisa, na mchana nilikuwa nikisinzia nimesimama ubaoni mbele ya wanafunzi arobaini na tano.

Hofu iliyonishika wakati ule naomba niieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua hii. Kugutuka kwenyewe hakuchukui hata sekunde moja. Kinachochukua usiku mzima ni kukungojea. Nilikuwa nikilala chali, nimeukaza mwili, nikiuchunguza mguu wa kulia kwa sababu ndiko mshtuko ulikopenda kuanzia, na kila nilipohisi akili inaanza kupotea nilijiambia kwamba sasa unakuja. Mtu anayengoja kitu hawezi kulala, kwa sababu usingizi unamtaka mtu aache kungoja chochote. Basi nilibaki katika mang'amung'amu, si macho si usingizi, na hapo hasa ndipo mishtuko hii inapokaa. Kila nilipogutuka nilitazama saa ya simu, nikapiga hesabu ya saa zilizobaki kabla ya alfajiri, na hesabu hiyo ikaniongezea wasiwasi. Sikujua wakati ule kwamba kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoizidisha mishtuko hii, na kwamba kila usiku mbaya ulikuwa ukiutayarishia njia usiku unaofuata.

Nilipowaeleza watu, kila mmoja alinipa jibu lake. Shangazi yangu, ambaye ananitakia mema na ambaye simlaumu hata kidogo, aliniletea kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, nikalinywa kwa heshima. Jirani alisema nimetupiwa kitu. Mwenzangu mmoja wa shuleni alininong'oneza kwamba huo ni mwanzo wa kifafa na kwamba nisimwambie mwalimu mkuu, na neno hilo lilinikosesha raha kuliko mshtuko wowote, kwa kuwa najua jinsi mtu anayedhaniwa ana kifafa anavyotazamwa katika jamii yetu.

Nikaenda kituo cha afya. Nilisubiri saa mbili, nikaeleza kwa dakika moja, nikapelekwa maabara. Malaria haikuonekana. Nikaambiwa nina taifodi kidogo, nikapewa vidonge vya siku saba. Sina uhodari wa kubishana na kipimo, ila sikuwa na homa, sikuwa na maumivu ya tumbo, na hakuna aliyeniuliza ninalala saa ngapi, ninakunywa nini jioni, wala jambo gani linanisumbua moyoni. Nilipomaliza dozi bila nafuu, muuzaji wa duka moja la dawa aliniuzia diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, bila kuniuliza cheti cha daktari. Nililala vizuri kwa siku kadhaa na nikaamini nimepona. Nikarudi dukani mara ya pili, mara ya tatu, na baada ya wiki tano nilipoamua kuacha kwa mara moja, mishtuko ilirudi ikiwa mikali kuliko mwanzo, pamoja na mikono kutetemeka. Dawa hiyo ina kazi yake hospitalini na imeokoa watu wengi, lakini mwili huizoea, na mtu aliyeitumia kwa muda mrefu akiikatisha ghafla anaweza kupata mishtuko ya misuli na hata degedege la ukubwani. Hayo hakuniambia mtu siku ile dukani.

Aliyenisaidia ni daktari kijana katika hospitali nyingine, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alinisikiliza, akauliza maswali kumi au kumi na mawili, akanigonga magoti kwa nyundo yake ndogo, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Shikamoo yangu naomba uipokee pamoja na habari njema, mwalimu. Kinachokugutua hakikudhuru. Hata mimi kinanipata." Nilihisi kama mzigo umetuliwa kichwani. Usiku ule niligutuka mara mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu sikuitazama saa.

Alinieleza hivi, nami nalieleza kama nilivyolielewa na kama nilivyolisoma baadaye. Mtu haingii usingizini kama taa inavyozimwa. Misuli hulegea, pumzi hupungua kasi, mapigo ya moyo hushuka, na ubongo huondoka katika hali ya kukesha hatua kwa hatua. Ndani ya shina la ubongo kuna mtandao wa neva unaotuweka macho, na sehemu nyingine ya ubongo hufanya kazi ya kuunyamazisha ili tulale. Makabidhiano hayo hayaendi sawa kila mara. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika dakika hizo za mpito mtandao wa kukesha huweza kutoa amri ya mwisho ya ghafla kwa misuli, na misuli ikatii kwa pamoja. Wapo pia wanaofikiri kwamba ubongo huhisi kulegea kwa misuli ukadhani mwili unaanguka, ukaushtua ili ujishike, na ndiyo maana ndoto fupi ya kuteleza au kuporomoka huambatana na mshtuko. Hilo la pili bado ni la kukisia, na mimi nalipenda kwa sababu linalingana na nilichokihisi, jambo ambalo si ushahidi.

Si jambo jipya hata kidogo. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliandika juu ya mishtuko hii mwaka 1890, na mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza, Ian Oswald, aliichunguza kwa kutumia kipimo cha umeme wa ubongo kwa watu waliokuwa wakilala. Zaidi ya nusu ya watu wote hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa watoto. Kuna hata ndugu yake wa ajabu zaidi, ambaye hautikisi mwili bali humfanya mtu asikie mlio mkubwa ndani ya kichwa, kama bunduki au mlango uliobamizwa, wakati chumba kiko kimya kabisa. Daktari Mwingereza J. M. S. Pearce alieleza hali hiyo na kuipa jina mwaka 1988. Nayo haina maumivu wala madhara, ila fikiria mtu aisikie peke yake usiku wa manane asijue ni nini.

Nimejiuliza kwa nini jambo linalowapata watu wengi namna hii halina maelezo katika lugha yetu, na ninaamini tatizo halipo katika lugha. Kiswahili kimeutazama usingizi kwa makini sana. Tunasema mtu amegutuka, ameweweseka, amesinzia, amepitiwa, yuko katika mang'amung'amu, amekabwa na jinamizi, na kila neno lina mahali pake. Jinamizi, kwa mfano, ni kinyume cha habari yangu. Anayekabwa na jinamizi akili imeamka lakini mwili umefungwa, hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na mara nyingi huhisi kuna mtu kifuani au chumbani, kwa sababu ubongo umetoka katika usingizi wa ndoto kabla misuli haijafunguliwa. Wenye umri wangu tunaukumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku vitandani mwao, ilipoanzia Pemba ikafika Unguja na hata Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakiogopa vyumba vyao. Sitaki kumdharau yeyote aliyepitia usiku ule, kwa kuwa alichokihisi alikihisi kweli. Ninachosema ni kwamba hofu isiyopewa maelezo hutembea kutoka nyumba hadi nyumba, na usingizi ndio unaoumia kwanza. Mgonjwa akiweza kumwambia tabibu kwa usahihi kwamba anagutuka wakati wa kuingia usingizini, na si kwamba anakabwa wala anaweweseka, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Sasa niseme lililonisaidia. Kahawa ya usiku niliiacha, na hili lilikuwa gumu, kwa sababu kijiweni sifuati kahawa tu bali nafuata watu. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu katika mwili wa mtu mzima wa kawaida, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku bado nusu yake imo mwilini saa saba. Sasa ninakunywa kahawa asubuhi, na kijiweni ninakaa na maji ya tangawizi, wenzangu wamekwisha zoea. Chai ya rangi iliyokolea na vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vina kafeini hiyohiyo, na sigara nayo huchangamsha ubongo. Mazoezi makali ya usiku, kama yale ya vijana wanaocheza mpira chini ya taa hadi saa nne kisha wakaenda moja kwa moja kulala, nayo huchochea.

Lakini kahawa peke yake haikutosha, kwa sababu hofu ilikuwa imekwisha jenga. Daktari alinitaka niamke saa ileile kila siku, hata siku ya Jumapili, hata kama nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Alinikataza kusahihisha kazi kitandani. Nikiona nimekaa macho kwa kadiri ya dakika ishirini, nisizitazame kwenye saa bali nizikisie, niondoke chandaruani, nikakae kwenye kiti sebuleni bila simu, nikirudi pale tu usingizi unaponilemea. Njia hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, mwaka 1972, na bado hutumiwa kutibu ukosefu wa usingizi duniani kote, kwa kuwa inaufundisha mwili upya kwamba kitanda ni mahali pa kulala na si mahali pa kupigana. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso, nakiri. Wiki ya tatu nilikuwa mtu mwingine.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilinishangaza. Aliniambia niache kuuzuia mshtuko na badala yake niukaribishe, nilale nikijiambia kwamba ukija na uje, utapita. Nilifikiri ananifariji tu. Nikajaribu, na nikagundua kwamba siku niliyoungoja kwa hiari ndiyo siku uliyochelewa kuja, kwa sababu mwili haukuwa umekazwa tena. Hata leo hugutuka mara moja kwa wiki au mbili. Hugeuka ubavu wa pili nikaendelea kulala.

Hata hivyo, Mhariri, nisingependa barua yangu imfanye mtu akae nyumbani na ugonjwa. Wapo wanaopaswa kuonana na daktari bila kuchelewa: yule ambaye katika kuruka kwake hupoteza fahamu, hung'ata ulimi au hujikojolea; kijana ambaye mikono yake hurushwa asubuhi muda mfupi baada ya kuamka, akadondosha kikombe cha chai mara kwa mara, maana hiyo huweza kuwa aina ya kifafa inayoanzia ujanani na ina dawa; anayekoroma kisha pumzi ikakatika, akagutuka akitweta kama aliyekabwa; na anayehisi miguu inatambaliwa na wadudu jioni, hawezi kutulia mpaka atembee, hali inayowapata sana wajawazito na wenye upungufu wa madini ya chuma, na ambayo kipimo cha damu huweza kuifichua. Aliyeanza kugutuka baada ya kubadilishiwa dawa, hasa dawa za sonona, amwambie aliyemwandikia, asiziache mwenyewe, kwa sababu kuziacha ghafla nako huleta hisia za shoti kichwani. Na kwa kina mama wenye watoto wachanga niseme neno moja: mtoto mchanga anayerusharusha mikono usingizini tu, na akaacha mara anapoamshwa, kwa kawaida hana tatizo, lakini mtoto mwenye homa anayekakamaa au kutetemeka asisubirishwe nyumbani hata kidogo, kwa sababu hilo ni degedege, na nyuma yake huweza kuwepo malaria kali.

Ninachoomba ni mambo ambayo hayahitaji fedha za wafadhili. Matabibu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kumuuliza mgonjwa kuhusu usingizi wake kabla ya kumpeleka maabara, na wawe na ujasiri wa kumwambia mtu kwamba hana ugonjwa pale asipokuwa nao, bila kuona kwamba wamemrudisha mikono mitupu. Mimi nilirudi na mfuko wa vidonge mara mbili, na siku niliyorudi mikono mitupu ndiyo siku niliyopona. Wenye maduka wasiuze diazepamu bila cheti, na wanaopaswa kuyakagua maduka hayo wayakague. Nawe, Mhariri, ukurasa wako wa afya unaandika kila wiki kuhusu kisukari na shinikizo la damu, nami nausoma na kushukuru. Usingizi unastahili safu yake, iandikwe na daktari, kwa maneno yetu haya ya kugutuka na kuweweseka.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, anayelala bweni, alinifuata baada ya kipindi akasubiri wenzake watoke. Akasema kuna kitu kinamsukuma kila anapofumba macho, na kwamba amekwisha mwambia mama yake kwa simu. Nilimuuliza analala kwa muda wa saa ngapi. Saa tatu tu, akasema, kwa kuwa hukesha akijisomea huku miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi, na usingizi ukimzidi hulamba kahawa ya unga. Miaka yote nimewasifu wanafunzi wanaokesha namna hiyo, na sitawasifu tena. Nilimweleza haya yote kwa dakika kumi, nikamwambia beseni alirudishe bafuni na saa nne usiku awe kitandani. Alionekana kufarijika. Kisha akauliza kama nina karatasi yoyote ya Kiswahili inayoeleza jambo hili, amtumie mama yake, kwa sababu mama amekwisha anza kukopa fedha za mganga na hatayaamini maneno ya mtoto. Nilitafuta kwenye kabati la walimu na katika makabrasha yangu, sikupata. Ndiyo sababu nimekuandikia, na ukiichapa barua hii nitamkatia nakala.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari,
Tanga.